Mke Mwenza Wangu wa Kings Heath

Nina mke mwenza. Ni mzungu, ni mwanamume, umri wake unatosha kuwa babu yangu, na nywele za masikioni mwake ni nyingi kuliko za kichwani. Jina lake Arnold. Wanawake wenzangu wa Sparkhill, hapa Birmingham, wakikaa kusimulia waume zao, huyu wake ana kimada Coventry, yule wake ameoa kisirisiri Tanga, mimi hunyamaza na kunywa chai yangu. Nitasema nini? Kwamba mume wangu ameibwa na mzee wa Kings Heath anayevaa soksi zisizofanana?

Mume wangu ni Idd, Mnyamwezi wa Tabora. Mimi ni Mwatima, Mzaramo wa Kisarawe. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za mababu waliobeba mizigo kutoka bara kwenda pwani, na mtani ana ruhusa asiyo nayo mtu mwingine. Atakutukana sebuleni kwako nawe umwongeze chai. Atakamata kuku wako nawe umsindikize. Na ukifiwa, ndugu zako watakuja kulia, lakini yeye atakuja kukuchekesha, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake, na mfiwa hana haki ya kununa.

Hivyo ndivyo nilivyompata. Siku tunamzika babu yangu, mzee Maulid, jeneza lilikuwa linatoka uani na sisi wanawake tumekaa mkekani tunalia, akatokea kijana mrefu amevaa kanzu ya marehemu, aliyoichomoa sijui kwenye kamba ipi. Akasimama mbele ya wabebaji, akanyoosha mikono. "Haendi mtu hapa! Mzee huyu anaondoka na ugoro wangu!" Kisha akavuta ugoro usiokuwepo, akapiga chafya. Zilikuwa chafya za babu mwenyewe: ya kwanza ya kujaribu, ya pili ya kweli, ya tatu ikamwangusha chini. Bibi yangu, mjane wa saa chache, alicheka mpaka ushungi ukamdondoka. Nami nikacheka. Yule kijana alikuwa amejikaza muda wote uso mkavu, maana mtani hachekeshi huku anacheka, lakini alipotuona sisi tumevunjika mbavu, naye akashindwa. Ndipo nikakisikia kicheko cha Idd kwa mara ya kwanza.

Kinaanza kama kikohozi. Kinashuka tumboni, anajipiga paja, kisha miguu inaishiwa nguvu na lazima akae chini hapo hapo alipo, iwe mkekani au matopeni. Na akiwa ameshakaa, macho yamejaa machozi, anageuka kumtazama aliye karibu yake kuona kama naye anacheka. Siku ile aliyekuwa karibu ni mimi. Nilisema moyoni, hiki nakitaka nyumbani kwangu. Wenzangu walitolewa mahari ya kitanda na makabati, lakini mimi nilijua nimeolewa kwa kicheko, na nilijiona nimewazidi wote.

Tulipohamia Birmingham kikaanza kupungua. Sikukiona kikiondoka. Idd alipata kazi ya kuhudumia wazee majumbani, kuwaogesha, kuwapikia, kuwapa dawa, na kazi ile inamkausha mtu. Alikuwa akirudi anavua viatu mlangoni, anakula, anasema Alhamdulillahi, analala. Nikimchokoza, "We Mnyamwezi, mbona umeshusha mzigo kabla ya kufika pwani?" ananichekea kwa pembe moja ya mdomo, basi. Binti yetu alishakwenda Leicester kusoma, nyumba imebaki ya watu wawili, na ikawa kimya. Nikasema ni baridi. Nikasema ni umri. Mtu huanza na sababu nafuu.

Mpaka siku alipoacha chakula chake mezani.

Ulikuwa wali wa nazi na kisamvu, na kisamvu hapa si kitu cha kuachwa mezani. Nikakifunga kitambaa, nikapanda basi, tukasongamana na magari ya Stratford Road mpaka nikafika Kings Heath na kuitafuta nyumba ya huyo mzee niliyekuwa namjua kwa jina tu. Ni nyumba ya mtaa wa nyuma, yenye dirisha kubwa la mbele. Kabla sijabonyeza kengele nikasikia kikohozi.

Nilikijua kabla hakijashuka tumboni. Nikasogea dirishani. Mume wangu alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea kochi, anajipiga paja. Kwenye kochi, kushoto kwake, kizee chenye fulana ya sufi kilikuwa kimekumbatia mto na kutetemeka kwa kicheko. Mbele yao runinga, na ndani ya runinga mtu amebeba mlango mgongoni. Halafu Idd akageuka, macho yamejaa machozi, akamtazama yule mzee kuona kama naye anacheka.

Sikubonyeza kengele. Nilirudi kituo cha basi, nikafungua kile kitambaa, nikakaa kwenye baridi nikala wali wa mume wangu wote, na kisamvu chake, mpaka ukoko. Roho iliniuma mno. Afadhali ningemkuta na mwanamke. Mwanamke ningejua la kumfanya.

Alipofika nyumbani jioni nilikuwa nimejifunga kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu." Rehana aliniuzia. Rehana ni Mzanzibari mwenye duka la nguo ninakofanya kazi, na kila kanga anayoniuzia ananichagulia maneno mwenyewe kwa kunikomoa. Idd akaisoma, akauliza, "Leo nani kakuudhi?"

"Ulikula nini mchana?"

"Nilisahau chakula. Arnold akanipa toast na maharage ya kopo."

"Ya kopo," nikasema. "Na mlikuwa mnacheka nini?"

Akafahamu. Hakukataa, Idd si mwongo. Akaniambia ni kipindi. Kipindi cha vichekesho cha Kiingereza cha zamani, vipande vifupi vifupi, kila kimoja na kisa chake. Enzi zile kilikuwa kikionyeshwa Jumamosi jioni, na Arnold anacho chote kwenye DVD. Jina lake sitalitaja. Wanaokipenda wanalijua, na mimi sikukaa hapa kumtangazia mke mwenza biashara.

"Mwatima, wale watu ni watani," akasema, na macho yakamwaka kwa namna ambayo sikuiona mwaka mzima. "Wallahi. Wazungu wanao utani, hawajui tu jina lake."

Hapo ndipo aliponichoma. Angeniambia wanavaa vizuri, wanaimba vizuri, ningemeza. Lakini watani! Mtani wa Mnyamwezi ni nani? Ni mimi. Utani sikugaiwa na mtu, nimezaliwa nao. Nikaingia jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Siku mbili baadaye dukani nikamwambia Rehana anitafutie kipindi hicho kwenye simu. Tukakitazama katikati ya majuba, wateja hakuna.

Nikusimulie kile kipande cha mlango, maana bila hicho hutaelewa. Mtu anaingia posta amebeba mlango mgongoni, mlango mzima na fremu yake. Karani yuko nyuma ya kaunta, hainui hata macho. "Unatuma nini?" Mlango. "Unakwenda wapi?" Kwa dada yangu, yeye amebakiwa na uwazi tu. Karani anaandika. Halafu anauliza, kwa uso mkavu kama wa mtu anayeuliza uzito wa kifurushi, "Umefungwa au uko wazi?" Mtu wa mlango anashangaa, kwani kuna tofauti? Ipo, anasema karani. Ukiwa wazi ni barua, ukifungwa ni kifurushi. Yule mtu anafikiri, anafikiri sana, kisha anajibu, "Inategemea nani anabisha." Basi karani anatoka nyuma ya kaunta, anabisha hodi kwenye mlango uliosimamishwa katikati ya posta, anatega sikio, anangoja. Mwisho anageuka na kusema, "Hayupo," na kugonga muhuri.

Kimekwisha. Hapo ndipo Uingereza nzima ilikuwa ikianguka chini kwa kucheka.

"Hichi ndicho kinochokukosesha usingizi?" Rehana akauliza. "Kizee cha watu, hata meno hana, weye wamwonea wivu?"

"Sijakosa usingizi."

"Mbona kanga umeivaa siku tatu? Hasidi hana sababu, bibi we."

"Mimi ninayo," nikamwambia. "Sababu ninayo, tena kubwa."

Nilikitazama tena peke yangu nyumbani. Na tena. Sikucheka, lakini nilianza kumtazama yule karani. Wengine wote walikuwa wakichezesha macho na midomo, yeye hapana. Aliuliza upuuzi kwa adabu ya mtu wa serikali, na kadiri alivyokaza uso ndivyo kile kipande kilivyonoga. Nilimjua mtu wa namna hiyo. Nilimwona zamani uani kwetu amevaa kanzu ya babu. Lakini kujua kwa nini kitu kinachekesha si sawa na kucheka, na donge langu likabaki pale pale.

Nikamwomba Idd anieleze. Kosa kubwa. Akaeleza nani alikuwa mrefu na nani mfupi, akaeleza foleni ya posta, akasimama kuonyesha namna mlango ulivyobebwa, na katikati akaona uso wangu, akakaa. "Labda mpaka ukitazame ukiwa na Arnold," akasema, kwa upole kabisa. Sijawahi kutukanwa kwa upole namna ile.

Basi siku Idd alipokuwa na mapumziko na amekwenda msikitini, nikavaa juba langu zuri nikaenda Kings Heath kumwona mke mwenza uso kwa uso. Maneno nilikuwa nimeyapanga kwenye basi. Ningemwambia, mzee, wewe umeshaishi, umeshacheka vya kutosha, niachie na mimi kidogo.

Nikabonyeza kengele. Kutoka ndani sauti ikaniuliza kwa lafudhi ya Birmingham, "Umefungwa au uko wazi?"

Kumbe ndiyo hodi yao! Nyumbani kwangu mume anaingia na ufunguo, hasemi neno, na huku anapokewa kwa mchezo. Jibu nilikuwa nalijua. Nikakaza midomo, sikumpa. Tukangojana, yeye ndani mimi nje, mpaka nikasikia fremu yake ya kutembelea ikigonga sakafu na mlango ukafunguka bila kulia hata kidogo.

"Wewe ndiye Mwatima," akasema, akanikaribisha mpaka kwenye kochi. "Idd anakusema sana."

"Ananisema nini?"

"Kwamba hakuna mtu aliyekuwa akichekesha kama wewe Afrika nzima."

Aliyekuwa! Nilishika mkono wa kochi nisije nikasema neno la kufungwa jela. Kwa hiyo nyumba yangu ilisemwa huku, na ilisemwa kwa wakati uliopita. Na mimi ninavyomtania kila jioni? Nikakumbuka mara ya mwisho ilikuwa lini, nikaona niache kukumbuka.

Akanipa chai ya maziwa baridi. Akaniambia kazi yake ilikuwa kutengeneza bawaba, maisha yake yote, kiwanda kimoja, bawaba za milango ya nusu ya nyumba za mji huu. "Wewe unapofungua mlango wa nyumba yako, huenda unanishika mkono," akasema, nami nikaapa nikirudi nitaingilia dirishani. Jumatatu asubuhi, akasema, wanaume wote kiwandani walikuwa wakisemeshana maneno ya kile kipindi juu ya kelele za mashine. Mmoja anapaza sauti upande huu, "Umefungwa au uko wazi?" na upande wa pili watu hamsini wanajibu. Msimamizi alikuwa akijifanya hasikii, lakini naye alikuwa akijibu. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuvunja mgongo, na bila hilo, akasema, asingeimaliza.

Juu ya kabati palikuwa na picha ya mwanamke mwenye kidevu cha ukali.

"Mke wangu, Gertrude. Alikichukia kipindi kile."

Nikamtazama yule mwanamke upya.

"Kila Jumamosi mimi nacheka nimempa mgongo. Akaona wivu, hakuficha. Siku moja alizima runinga akaificha waya. Lakini baadaye, siku nyingine, nilikuwa nimekaa hapa hapa, yeye amesimama nyuma ya ubao wa pasi pale. Hakunitazama. Akapiga pasi shati, akauliza, 'Unatuma nini?'" Mzee Arnold akafuta pua. "Alikuwa amejifunza sehemu yote ya karani. Neno kwa neno, na uso ule. Tangu siku ile nikageuza kiti. Runinga ikawa nyuma yangu, yeye mbele. Alipokufa sikukitazama tena, mpaka alipokuja Idd."

Mtu mwema hapo angelainika. Mimi niliongeza wivu, nikawaonea wivu wawili, mzima na marehemu. Yule mwanamke alimchukua mume wake kutoka ndani ya runinga kwa ubao wa pasi tu, na mimi nina utani wa damu na nimeshindwa.

"Na wewe?" akaniuliza. "Unaweza karani?"

"Mimi si mchekeshaji wa mtu," nikasema, nikaaga. Nilipofika kituoni ndipo nikakumbuka kwamba maneno yangu niliyoyapanga sikuyasema hata moja.

Arnold alikufa kabla majira ya baridi hayajaisha, usingizini. Idd ndiye aliyefika asubuhi, akabonyeza kengele, akangoja swali, swali halikuja. Alisimama pale, aliniambia, akajibu hivyo hivyo bila kuulizwa. Kisha ndipo akatumia ufunguo.

Nitasema ukweli, nilipopata habari, baada ya kusema Inna lillahi, kitu cha kwanza kilichonipita moyoni ni kwamba sasa mume wangu atarudi. Hakurudi. Alikaa kwenye kochi na kofia ya mzee mapajani, ile kofia bapa ya sufi aliyopewa na binti wa marehemu aliyetoka Bristol kwa ajili ya msiba. DVD nazo alipewa, zilikaa kwenye mfuko wa plastiki mlangoni. Hakuzigusa. Hakula. Nilimchokoza, "Mnyamwezi, umeacha kubeba mizigo, sasa unabeba kofia?" Hata ile pembe moja ya mdomo haikusogea. Nikaogopa. Mpaka hapo nilikuwa nikimlilia mwizi anirudishie mali yangu, kumbe mwizi ameondoka nayo kaburini, tena si kaburini, tanurini.

Maana Arnold alichagua kuchomwa. Kwetu hilo halipo, na kwetu mwanamke haendi kuzika, lakini binti wa marehemu alimwomba Idd awe mmoja wa wabeba jeneza, nami nikasema simwachi aende peke yake. Mahali penyewe ni upande wa Selly Oak. Kuna kanisa dogo la matofali lenye mlango mpana na ngazi mbili tatu. Watu walikuwa wachache, wazee wa kiwandani waliobaki, wamesimama kwenye upepo na makoti yao meusi. Gari la maiti likafika. Mbele yake alitembea msimamizi wa mazishi, amevaa kofia ndefu, na fimbo mkononi.

Idd akanikabidhi ile kofia. "Nishikie," akasema. Akaenda kuingiza bega chini ya jeneza, mbele, upande wa kulia. Uso wake ulikuwa uso wa mfiwa. Si mfanyakazi aliyemzika mteja, hapana. Alikuwa amefiwa na mtu wake.

Na hapo, jamani, akili ya Kisarawe ikanifanyia kazi bila kuniomba ruhusa. Mnyamwezi amefiwa. Mnyamwezi akifiwa anatakiwa Mzaramo. Nikazungusha macho pale uwanjani kutafuta Mzaramo mwingine wa kuniokoa. Wazee wa bawaba, msimamizi mwenye kofia ndefu, binti wa Bristol. Birmingham nzima, Mzaramo wa msiba ule alikuwa ni mimi peke yangu. Nilikasirika mno. Yaani mke mwenza anakufa, na wa kumfanyia utani ni mimi! Mimi niliyekula wali kwenye baridi kwa ajili yake!

Lakini kazi ni kazi. Mtani asiyekuja msibani hana haki ya kuitwa mtani tena, na hilo ndilo jina pekee nililobaki nalo kwa mume wangu.

Nikavaa kofia ya Arnold juu ya hijabu. Nikapanda zile ngazi, nikasimama katikati ya mlango, nikainamisha bega moja kama alivyokuwa ameinama yeye juu ya fremu yake. Jeneza likaja. Msimamizi akaninong'oneza nisogee. Sikusogea. Sikumtazama. Nilitazama chini kama karani anayeandika, nikauliza kwa sauti ya kukwaruza ya Arnold mwenyewe, na lafudhi yake yote ya Birmingham:

"Mnatuma nini?"

Wabebaji wakasimama. Nilisikia watu wakivuta pumzi. Idd alikuwa hatua chache mbele yangu, bega chini ya jeneza, ananitazama kana kwamba hajawahi kuniona. Uso wangu ulikuwa mkavu. Ndani nilikuwa nakufa kwa hofu, maana kama asingejibu, ningekuwa nimeaibisha msiba wa watu, na nyumba yangu imekwisha.

Nikanyanyua kichwa. "Umefungwa au uko wazi?"

Upepo ukavuma. Mdomo wa Idd ukachezacheza.

"Inategemea," akasema, na sauti ikamkatika katikati, "nani anabisha."

Nikashuka ngazi. Nikabisha kwenye jeneza kwa kifundo cha kidole, taratibu, hodi ya heshima. Nikatega sikio. Nikangoja, na sijui jinsi ya kueleza, kwa kitambo kidogo sote pale tulingoja kweli. Kisha nikainuka, nikamtazama mume wangu usoni, nikasema:

"Hayupo. Pelekeni."

Kikaanza kama kikohozi.

Nikaona kikishuka, nikaona mkono ukitafuta paja, na nikakumbuka, nimechelewa, kwamba miguu ya Idd haiwezi kusimama na kicheko hicho. Jeneza likayumba. Msimamizi alitupa fimbo akadaka pembe, mzee mmoja wa kiwandani akarukia chini ya bega lililoachwa, na mume wangu akakaa kwenye ngazi za kanisa na suti yake nyeusi, anacheka, analia, hawezi kujizuia. Wale wazee nao wakaanza, mmoja mmoja. Na binti wa marehemu, niliyedhani atanipiga kofi, alinishika mikono yote miwili huku kamasi zinamtoka. "Hivyo ndivyo mama alivyokuwa akifanya," akasema. "Uso huo huo. Uso huo huo kabisa."

Nikamjibu kwamba mimi na mama yake tulikuwa na shida moja.

Sasa kicheko kiko nyumbani kwangu. DVD zimetoka kwenye mfuko, Jumamosi tunazitazama, na mara nyingi Idd anageuza kiti, runinga anaipa mgongo, mimi nasimama nyuma ya ubao wa pasi na kanga yangu ya hasidi namwigizia karani. Namtania mpaka majirani wanagonga ukuta. Rehana anasema nimenawiri. Nimepata nilichokitaka, na mtu akiniuliza kama nina furaha nitasema ninayo.

Lakini Idd akimaliza kucheka, akiwa ameshakaa chini na macho yamejaa machozi, anageuka. Hanitazami mimi. Anageuka kushoto, upande wa Arnold, kwenye kochi, kuona kama naye anacheka. Pale kushoto hapana mtu. Nimehamisha kochi hadi ukuta wa pili, bado anageuka. Juzi nikaacha pasi katikati ya kipande nikakimbilia kukaa pale upande wa kushoto, nimtazame naye anitazame, na kicheko kikakatika papo hapo, kwa sababu nyuma ya ubao wa pasi hapakuwa na karani tena.

Nikasimama, nikarudi kwenye pasi yangu. Nikamwuliza anatuma nini.